Nyumba ya Mama Nyuma ya Pikapu

Mama yangu ni mkaidi, na mimi nimetoka tumboni mwake, kwa hiyo mtu asishangae. Alipotangaza kwamba hatampokea dada yake kwenye nyumba ya kuazima, wala gesti, wala bweni la parokia, ndugu wote walicheka. Mimi sikucheka. Nilikwenda Kanyenye, hapa Tabora, kwa Issa, fundi wa kuchomelea, kumuuliza kama kile kijumba chake chenye magurudumu kinaweza kuvutwa na pikapu kama yangu mpaka Kigoma.

Nieleze kidogo, maana bila hili habari yote itaonekana ni wazimu. Mama anaitwa Apolinaria, mkulima wa mpunga huko Ulyankulu. Aliingia nchi hii mwaka sabini na mbili akiwa mtoto wa miaka kumi, wazazi wake walipokimbia Burundi. Dada yake mkubwa, Benedikta, alibaki kule. Wazazi wakafia Ulyankulu, mama akaolewa, akatuzaa, akapata uraia, akawa bibi, na muda wote huo hakumwona dada yake hata kwa picha. Mwaka jana ndipo padri mmoja alipowaunganisha kwa simu. Walilia wote wawili mpaka simu ikaisha chaji.

Sasa Benedikta alikuwa anakuja Ujiji na kina mama wenzake wa parokia kwenye jubilei. Wangekaa hadi Jumatatu, kisha basi lao lingewarudisha kwao Makamba, Burundi. Kufika Ulyankulu kwa siku hizo chache asingeweza. Mama naye nyonga yake mbovu, akikaa kitako muda mrefu anaumia.

"Mimi nilipoingia nchi hii nililala chini ya turubai," mama aliniambia. "Benedikta akiingia atalala kwangu. Kitanda changu, shuka langu, kikombe changu. Kama yeye hawezi kufika kwangu, basi kwangu kutamfuata."

Mtu kama huyo unamjibu nini? Nikaenda kwa Issa.

Kijumba hicho alikiunda mwenyewe juu ya ekseli ya gari bovu: kuta za bati jepesi, dirisha lenye pazia, kitanda mbele, jiko la gesi pembeni, na mlango nyuma. Maharusi wa Tabora walikuwa wakikikodi kupigia picha. Issa aliizunguka pikapu yangu, yenye milango minne, ya ukubwa wa kati, ambayo naitumia kusambaza chakula cha kuku mjini, akasoma kile kibati cha mlangoni kinachosema gari lina uwezo wa kuvuta uzito gani, akakubali kwa kichwa, ameridhika.

"Itavuta, Julieth. Lakini kuvuta si kazi. Kazi ni kusimama."

Akanifungia kwenye gari swichi ndogo chini ya usukani, ya kukamata breki za tela peke yake. Akaniongezea vioo vya pembeni virefu kama masikio ya punda. Kisha akanipeleka kwenye uwanja mtupu upande wa Ipuli, nyumbani kwangu, na wiki nzima nikawa kichekesho cha mtaa. Kwenda mbele ni rahisi, kijumba kinakufuata. Ole wako urudi nyuma. Ukikata kushoto chenyewe kinaelekea kulia, ukikazana kinajikunja kabisa na kukutazama dirishani. Nilikitukana kijumba kile matusi ambayo sikujua kama ninayo. Mume wangu, Masanja, alikuwa amekaa kwenye ndoo akicheka mpaka machozi, hadi nilipomwambia apande yeye. Alirudisha nyuma mara moja, akagonga ile ndoo, na kicheko kikaisha.

Lakini nilijifunza. Siku ya mwisho nilikiingiza kijumba kati ya miti miwili bila kugusa hata jani, na nikatoka garini nikirukaruka, mwanamke mzima wa miaka arobaini. Nilikuwa na furaha ya kijinga kabisa. Nilikuwa naenda kumpeleka mama yangu kwa dada yake, tena na nyumba yake nyuma, kwenye njia ileile ambayo wapagazi wa Kinyamwezi waliitembea na pembe mabegani toka hapa hadi Ujiji. Wao miguu, mimi magurudumu.

Jambo ambalo Issa alilisisitiza kuliko yote lilikuwa upakiaji. Mkono wa tela, ule mti wa chuma unaoingia kwenye goroli nyuma ya gari, lazima ulale kwa uzito kidogo. Kwa hiyo zaidi ya nusu ya mzigo ikae mbele ya magurudumu, chini sakafuni, na ifungwe isitembee. Ukiweka mzigo nyuma, pua inakuwa nyepesi, na tela lenye pua nyepesi hutikisa mkia. Likianza kutikisa mkia ukiwa kwenye kasi, alisema, hapo gari si lako tena.

Ijumaa jioni nikapakia kwa mkono wangu. Magunia manne ya mchele wa Ulyankulu, maharage, ndoo mbili za asali, kinu na mchi, na blanketi jipya ambalo mama hakutaka liguswe hata na mwenye kulinunua. Vyote nikavisukuma mbele, chini ya kitanda na ubavuni pake, nikavifunga kwa kamba. Nikalala usingizi wa mtu aliyemaliza kazi.

Alfajiri ya Jumamosi nikaipeleka pikapu peke yake kujaza mafuta na upepo. Niliporudi, mama, aliyelala kwetu, alikuwa ameshavaa kitenge chake cha kanisani, rozari mkononi, anang'aa uso mzima. Masanja alikuwa amesimama kando ya kijumba akipangusa mikono. Tukaunganisha. Nikakagua goroli, nikapishanisha minyororo ya usalama chini ya mkono wa tela, nikachomeka waya wa taa, nikamwambia Masanja akanyage breki nione kama zinawaka. Zikawaka. Ndani sikukagua, nilipanga mwenyewe, nikague nini?

Masanja aliitazama pikapu ilivyosimama, nyuma imeinuka. "Gari limepumua," alisema, amefurahi. Nami kwa haraka zangu nikaona ni sifa.

Tukaondoka jua linachomoza. Mama kiti cha nyuma, amejilaza kwenye mito. Alitaka kusafiri ndani ya kijumba, kitandani kwake, na ilinibidi nimkatalie mara tatu: ndani ya tela linalovutwa hapandi mtu, hata awe nani. Mara ya tatu alinisonya, akapanda garini. Masanja alikaa mbele kando yangu, shingo imenyooka. Masanja ni Msukuma wa Igunga, na kwao mkwe si mtu wa kumkodolea macho. Kwa miaka kumi na mitano ya ndoa yetu hajawahi kumtazama mama yangu usoni. Akitaka kumwambia kitu, siku ile, alikiambia kioo cha mbele.

"Mama ameamka salama?" alikiambia kioo.

"Salama, baba," mama alijibu kutoka nyuma. "Mwambie mwenzio asiendeshe kama anapeleka maiti."

Nilikuwa nakwenda sabini. Nilishaamua kwamba sabini ndiyo mwisho wangu, hata basi la mbinguni linipite. Na yalipita kweli. Malori yalinipita, mabasi yalinipita, mwenye bodaboda mmoja aliyepakia kreti za mayai alinipita huku akinipungia mkono. Sikujali. Kwenye vioo vyangu virefu nilikiona kijumba kinanifuata, pazia limefungwa, na moyo wangu ulikuwa unapiga kwa raha. Urambo watu walitoka madukani kutuangalia. Mzee mmoja aliuliza kama tunauza dawa. Mama akateremsha kioo, akamjibu kwa fahari kwamba hiyo ni nyumba yake, anahama nayo kwa muda.

Kweli kuna kitu sikukipenda. Kila tulipopishana na lori, mkia wa pikapu ulikuwa unachezacheza, kisha unatulia. Nilidhani ni upepo. Nilipunguza hadi sitini, ukatulia, nikasahau.

Tulikuwa tumeshaipita Kaliua, tunashuka mteremko mrefu, pori kushoto na kulia. Mteremko ukaisukuma pikapu, mshale ukapanda kidogo juu ya sabini. Basi kubwa likatoka nyuma yetu, likatupita kwa kishindo, na upepo wake ukakipiga kijumba ubavuni.

Kikaenda kushoto. Nikahisi nyuma ya gari inavutwa. Kikarudi kulia, zaidi ya kilivyokwenda kushoto. Halafu kushoto tena. Kwenye kioo kimoja nilikiona kizima, kisha kikapotea, kikaonekana kwenye kioo cha pili. Pikapu yangu ilikuwa inatikiswa kama kuku aliyeshikwa na mbwa. Mama alikuwa anamwita Bikira Maria kwa Kirundi. Masanja alishika dashibodi kwa mikono miwili, macho mbele, hata wakati ule hakugeuka.

Mguu wangu ulitaka breki. Mwili mzima ulitaka breki. Na mikono ilitaka kukata usukani kuirudisha pikapu njiani. Niliikatalia miguu, nikaikatalia mikono. Nikaachia mafuta, nikaushika usukani umenyooka na kukaza meno, nikapapasa ile swichi ya Issa chini ya usukani na kuibonyeza taratibu. Breki za kijumba zikakamata. Kikajivuta nyuma, mkono wa tela ukanyooka, kikayumba mara nyingine, ikawa ndogo, ikawa ndogo zaidi. Tukashuka hadi hamsini, arobaini, ishirini. Nikatoka pembeni kwenye changarawe, nikasimama.

Kisha nikacheka. Sijui kwa nini. Nilicheka kicheko kikubwa, kwa sababu tulikuwa hai na nilikuwa nimefanya sawasawa. Kicheko kilipokwisha, hasira ikachukua zamu yake. Nikashuka, nikaenda nyuma, nikafungua mlango.

Magunia yote manne yalikuwa mlangoni. Ndoo za asali mlangoni. Kinu mlangoni. Mbele, chini ya kitanda, nilipoweka mzigo, palikuwa na mito ya makochi.

"Masanja," nikaita.

Alikuja akiangalia viatu vyake. "Nilihamisha asubuhi, ulipokwenda kujaza mafuta."

"Nani alikutuma?"

"Kwetu Igunga, ukimpakilia ng'ombe tela, mzigo unausogeza nyuma ili nira isimkandamize shingoni. Ng'ombe akilemewa shingo hafiki mnadani. Nikaona umeirundikia pikapu kila kitu shingoni. Nikaihurumia."

"Umeihurumia pikapu."

"Nikaihurumia."

Nilitaka kumwambia maneno ambayo hayafutiki. Nilikuwa nimeshafungua mdomo, na mama akateremsha kioo cha gari.

"Mwache mume wako," alisema. "Nilimwomba mimi."

Ikajulikana kwamba mama ndiye aliyeanza. Alitaka mlango wa kijumba utakapofunguliwa mbele ya Benedikta, kitu cha kwanza atakachokiona kiwe magunia. Siyo mito, siyo jiko. Magunia, ajue mdogo wake ana shamba na ana ghala. Alimwambia Masanja ayalete nyuma, na Masanja, hata kama asingekuwa na huruma ya ng'ombe, angemkatalia vipi mama mkwe? Masanja ni mtu ambaye mkwewe akimwambia hamishia magunia juu ya bati, atatafuta ngazi.

Mume ningemkaripia. Mama unamkaripia vipi? Nikaingia ndani ya kijumba, nikalishika gunia la kwanza masikio na kulikokota mbele kwa hasira tupu. Masanja akashika la pili. Tukarudisha kila kitu, chini na mbele ya magurudumu, nikafunga kamba mara mbili. Tulipomaliza, nyuma ya pikapu ilikuwa imekaa chini kidogo, kama inavyotakiwa. Masanja aliitazama kwa masikitiko.

"Ng'ombe anakufa," alinong'ona.

"Ng'ombe ana miguu minne inayofikiri," nikamwambia. "Gari halifikiri. Ukilipunguzia mzigo shingoni halishukuru, linakuua."

Nikaanza safari tena, mteremko mwingine ukaja, basi lingine likatupita na kishindo chake. Kijumba kikatingishika kidogo, kikanyooka. Nikapiga usukani kofi kwa furaha. Kuanzia hapo ilikuwa raha ya kweli. Tulivuka daraja la Malagarasi maji yakimeta chini, nikaimba, Masanja akaitikia sauti ya pili, na kijumba kilikuwa kinafuata kwa adabu ya bibi harusi. Mama peke yake hakuimba. Alikuwa amenuna kwa ajili ya magunia.

Tulikaribia Uvinza baada ya saa nane mchana. Nikasimama kwenye kiwanja kikubwa kilichosawazika, ambapo mwanamke mmoja, Tunu, alikuwa anauza chumvi kwenye meza ndefu, ili mama anyooshe nyonga kitandani mwake. Hajafika hata mlangoni, simu ikalia. Alikuwa Benedikta, kwa simu ya kiongozi wao. Walizungumza Kirundi, na mimi Kirundi changu ni cha kuombea chumvi, lakini uso wa mama ulinieleza yote kabla hajakata simu.

Mwenye basi alikuwa amelihitaji gari lake. Hakuna tena Jumapili, hakuna Jumatatu. Kina mama wote wa Makamba walikuwa wanaondoka leo hii saa kumi, ili wawahi mpaka wa Manyovu kabla haujafungwa. Benedikta alikuwa amewaomba wamngojee mdogo wake. Walimwambia watangoja hadi saa kumi kamili.

"Panda gari," mama aliniambia. "Kanyaga."

Nikaangalia saa. Mbele yetu kulikuwa na vilima na kona mpaka Kidahwe. Kwa sabini ya kijumba, kwenye miinuko hata hamsini ingekuwa shida, tungefika Ujiji saa kumi na moja. Ningeweza kukanyaga. Injini ilikuwa na nguvu hizo. Lakini nilikuwa nimeona saa chache nyuma kile kijumba kinavyoweza kufanya, na hapa kulikuwa na kona.

"Sikanyagi, mama," nikasema. "Nikiwa na kijumba nyuma sikanyagi."

Katika maisha yangu yote sikuwahi kumkatalia kwa sauti ile. Alinitazama kama ananiona mtu mwingine. Masanja, aliyekuwa amesimama kando ya gari akiangalia chumvi za watu, akaziambia zile chumvi kwa upole: "Pikapu peke yake ingefika."

Mama alizunguka, akafungua mlango wa kijumba, akapanda kwa shida na kukaa kitandani. Nikamfuata. Blanketi jipya lilikuwa limekunjwa kando yake. Nilidhani atalia, au atanilaani. Alifanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya, alinisimulia.

Nilijua walikimbia, nilijua Benedikta alibaki. Sikujua alibakije. Bibi yao hakuweza kutembea. Baba yao alipanga kila mtu abebe kitu: mama yao mtoto mchanga, kaka mkeka na jembe, na Apolinaria, mwenye miaka kumi, akatwishwa masufuria mawili na kapu la unga. Benedikta, mwenye nguvu kuliko wote, aliambiwa abaki na bibi. Baba alisema atarudi kuwachukua akishavusha mizigo. Mizigo ilivuka. Kurudi hakukuwezekana.

"Nilimpita mlangoni na masufuria kichwani," mama alisema. "Alinifunga kitambaa nisiunguzwe na jua. Tulibeba masufuria, Julieth. Yeye tukamwacha. Masufuria yenyewe yalitoboka mwaka uleule."

Nje Tunu alikuwa anabishana na mteja. Mama akapapasa blanketi, akalisukuma pembeni. Akanyanyuka.

"Kifungue hiki kitu," alisema. "Kiache hapa na kila kilichomo. Twende."

Sijawahi kufanya kazi kwa haraka vile bila kukosea. Masanja akasukuma vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu ya kijumba, nikateremsha mguu wa jeki mpaka ukakanyaga ardhi, nikachomoa waya, nikafungua minyororo, nikalegeza kishikizo na kuunyanyua mkono wa tela kwa jeki mpaka ukaachana na goroli. Nikasogeza pikapu mbele hatua chache. Kijumba kikabaki kimesimama peke yake uwanjani, pazia limefungwa, Tunu anashangaa. Nilimwambia atutupie jicho. Akasema kiwanja ni chake, mwizi atamkuta yeye kwanza.

Mama alikuwa na ufunguo wa kijumba kwenye upindo wa kitenge. Akaufungua, akamwendea Masanja. Akasimama mbele yake kabisa, jambo ambalo kwao halifanyiki.

"Masanja, mwanangu, nakuachia nyumba."

Masanja akapiga goti nusu, akaupokea kwa mikono miwili, macho chini. "Itakukuta hapahapa, mama," alisema, na safari hii aliyaambia masikio ya mama mwenyewe.

Tukaondoka mimi na mama. Ee, pikapu ilivyokuwa nyepesi. Ilikipanda kilima cha kwanza kama haina habari nacho. Vijijini nilishika hamsini ya sheria, maana kuua mtoto wa mtu ili niwahi ni ushetani, lakini vijiji vilipoisha niliiachia. Mama alikuwa amehamia kiti cha mbele, nyonga yake imesahaulika, mkono mmoja umeshika rozari na mwingine kishikio cha juu. Kila baada ya muda aliuliza saa ngapi, na mimi nilimdanganya kwa kupunguza dakika. Kazuramimba tukakuta ng'ombe wanavuka, kundi zima, taratibu, na mama akateremsha kioo akawaomba ng'ombe njia kwa Kirundi, Kinyamwezi na Kiswahili. Kidahwe tukaikuta barabara ya mjini. Nilikuwa na furaha na hofu, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi.

Kwenye uwanja wa kanisa kule Ujiji basi lilikuwa limewashwa. Niliuona moshi wake kabla ya kuliona lenyewe. Nikaiingiza pikapu mbele yake kabisa, pua kwa pua, ili likitaka kuondoka linipande kwanza. Saa yangu ilikuwa inasema saa kumi imepita.

Mama akashuka. Kina mama wote walikuwa wamevaa kitenge kimoja, cha bluu na njano, na vilemba vya kufanana, wengine mlangoni mwa basi, wengine ndani. Wote wazee, wote wanamtazama. Mama akasimama katikati ya uwanja, akageuka huku, akageuka kule. Nikaona hofu ikimpanda usoni. Hakumjua dada yake. Alikuwa amemtafuta miaka yote msichana wa miaka kumi na minne, na hapa hapakuwa na msichana.

Nyuma ya basi akatokea mwanamke mfupi, mwembamba, kandambili miguuni, begi dogo begani. Hakuita jina. Alikuja moja kwa moja, akasimama mbele ya mama yangu, na mama yangu akainua mikono yake yote miwili, viganja juu.

"Sina kitu, dada," alisema kwa Kirundi, na hicho hata mimi nilikielewa. "Nimekuja hivihivi."

Mwanamke yule alinyoosha mkono wake, akauweka utosini pa mama, juu ya kilemba. Kisha akaushusha taratibu, kiganja kimelala, mpaka ukafika kwenye kifua chake mwenyewe, mahali ambapo utosi wa mtoto wa miaka kumi ungefika. Akakiangalia kile kiganja. Akamwangalia mama.

"Umerefuka," alisema.

Mama akamwangukia. Wakakaa chini palepale kwenye vumbi, wote wawili, miguu imenyooshwa kama watoto, wanashikana nyuso, wanasema kwa pamoja maneno ambayo sikuyafuata wala sikutaka kuyafuata. Nilikuwa nalia kwa sauti, na sikuona haya. Dereva wa basi akapiga honi. Kiongozi wa kina mama akaenda dirishani kwake, akamwambia azime injini.